Kupita Bondeni Si Kupotea Njia

Mtu aliyeingia katika shida nzito mara nyingi haji na swali la Mungu yuko wapi. Anakuja na swali la "nimekosea wapi?" Kazi imekwisha, ndoa imetikisika, mtoto haponi, na yeye anarudi nyuma siku baada ya siku akiitafuta ile kona aliyopinda vibaya. Aliomba kabla ya kuamua. Alifunga. Alishuhudia mbele ya kikundi chake cha maombi kwamba ana amani na kwamba milango imefunguka. Sasa kila kitu kimeharibika, na jibu linalomjia usiku ni moja kati ya mawili: ama ile sauti haikuwa ya Bwana, au Bwana amemwacha njiani.

Nimekaa na watu wenye swali hilo, na nimelala nalo mwenyewe. Nimefika mahali pa kuamini kwamba sehemu kubwa ya maumivu yetu wakati wa majaribu inatoka katika kipimo tunachotumia kupima uongozi wa Mungu. Hakuna mchungaji aliyesimama madhabahuni akatufundisha kipimo hicho waziwazi. Tumekiokota katika shuhuda, kwa sababu anayepewa kipaza sauti ni yule ambaye mambo yake yamekwisha kunyooka. Ukisikiliza shuhuda za namna hiyo miaka mingi, utaanza kuamini kwamba aliye katika mapenzi ya Mungu njia yake hunyooka, na ambaye yake haijanyooka ajikague.

Maandiko hayasemi hivyo. Chukua Zaburi ya 23, ambayo wengi wetu tunaijua bila kufungua Biblia. Aya ya 3 inasema, "Huniongoza katika njia za haki kwa ajili ya jina lake." Aya inayofuata mara moja inasema, "Naam, nijapopita kati ya bonde la uvuli wa mauti." Kati ya aya hizo mbili hapana neno linaloeleza kwamba kondoo alikaidi, au alifuata majani mengine, au hakusikiliza vizuri. Anaongozwa katika njia za haki, na njia hizo zinapita bondeni. Anayemtangulia kuingia humo ni mchungaji mwenyewe.

Wana wa Israeli nao waliongozwa hivyo. Kutoka 13 inaeleza kwamba Farao alipowaachilia, Mungu hakuwapitisha njia ya nchi ya Wafilisti, ingawa ndiyo iliyokuwa ya karibu. Sababu imeandikwa papo hapo: wangeona vita, wangeghairi na kurudi Misri. Lakini sababu hiyo tunaisoma sisi. Hakuna mahali panaposema kwamba waliokuwa wakitembea walielezwa. Wao waliona wingu mchana na moto usiku, wakaona vinawapeleka jangwani. Kisha katika sura ya 14 Mungu anawaamuru wageuke wapige kambi karibu na Pi-hahirothi, mbele ya bahari, na majeshi ya Farao yanawakuta hapo hapo. Walinaswa kwa sababu walitii. Baada ya kuvuka wakaenda siku tatu bila maji, na walipoyapata huko Mara yalikuwa machungu. Hadi hapo hawajaabudu ndama, hawajakataa kuingia nchi ya ahadi. Ni watu wanaofuata nguzo ya wingu kama walivyoambiwa, wana kiu, na wana watoto wanaolia.

Ninalisema hili kwa msisitizo kwa sababu nimeona Wakristo wanyofu wakiungama dhambi wasizozitenda, ilimradi wapate maelezo ya shida yao.

Tuje kwenye milango. Lugha ya milango imo katika Biblia, sina ugomvi nayo. Ila tazama Paulo anavyoitumia. Katika 1 Wakorintho 16 anasema atakaa Efeso hadi Pentekoste, kwa kuwa amefunguliwa mlango mkubwa, na wako wengi wanaompinga. Anavitaja vyote viwili kwa pumzi moja, mlango na wapinzani, wala haoni kwamba kimoja kinakifuta kingine. Katika 2 Wakorintho 2 anasimulia kwamba alipofika Troa alifunguliwa mlango katika Bwana, lakini roho yake haikutulia kwa sababu hakumkuta Tito ndugu yake. Akawaaga, akaenda Makedonia. Mtume aliuacha mlango uliofunguliwa na Bwana kwa sababu ya wasiwasi juu ya ndugu mmoja, wala haombi radhi kwa hilo.

Daudi naye alifunguliwa mlango ndani ya pango la Engedi. Mfalme Sauli aliyekuwa akimwinda aliingia peke yake katika pango lile lile ambalo Daudi na watu wake walikuwa wamejificha, na watu wa Daudi wakamwambia hii ndiyo siku ambayo Bwana alikuahidi. Ukitaka ishara, ipi kubwa kuliko hiyo? Daudi akakata upindo wa vazi la mfalme, na hata kwa hilo moyo wake ukamchoma. Alikataa kumgusa masihi wa Bwana, yaani mfalme aliyetiwa mafuta, kwa sababu alilijua neno ambalo hakuna nafasi iliyoweza kulibatilisha. Akaendelea kukimbia. Ukisoma 1 Samweli utaona mateso yake hayakukoma siku ile.

Sasa mwangalie Yona. Bwana alimtuma Ninawi, yeye akakimbilia Tarshishi; akashuka Yafa, na merikebu ya Tarshishi ilikuwapo. Nauli alikuwa nayo, akalipa. Kila kitu kilimwendea sawa. Dhoruba ilipokuja alikuwa chini ya merikebu amelala usingizi mzito. Kwa kipimo chetu, mtu huyu ana mlango wazi na ana amani tele. Na Bwana wetu, usiku alipokuwa akiyafanya mapenzi ya Baba kwa ukamilifu kuliko mtu yeyote aliyewahi kuishi, Luka anaandika kwamba alikuwa katika dhiki, na jasho lake likawa kama matone ya damu yakidondoka chini. Yona analala, Yesu anatoka jasho. Yeyote anayepima uongozi wa Mungu kwa utulivu wa moyo peke yake, usiku ule angemfuata Yona.

Najua nitaulizwa kuhusu Wakolosai 3:15, amani ya Kristo iamue mioyoni mwenu. Isome pamoja na jirani zake. Paulo anazungumza na watu wanaopaswa kuchukuliana na kusameheana, na anaendelea kusema kwamba waliitiwa amani hiyo katika mwili mmoja. Ni amani ya watu wanaoishi pamoja. Nayo ile ya Wafilipi 4, ipitayo akili zote, imeahidiwa kuhifadhi mioyo ya wanaoomba, na aliyeiandika alikuwa kifungoni. Mungu huwapa watu wake amani, nimeionja, namshukuru. Lakini huitoa kwa kuwatunza watoto wake ndani ya dhoruba, na mara nyingi inakuja muda mrefu baada ya uamuzi kupita.

Katika Matendo 27 kuna mstari mmoja ambao nimeupigia kistari chini. Paulo, akiwa mfungwa anayesafirishwa, alikuwa amewaonya waliokuwa naye merikebuni kwamba safari itakuwa na hasara. Wengi wakashauri waondoke. Na upepo wa kusini ulipovuma kidogo, wakadhani wameipata nafasi waliyokuwa wakiitafuta, wakang'oa nanga. Muda si mrefu ukawajia upepo wa tufani uitwao Eurakilo, na watu 276 wakatupwa huku na huku hadi usiku wa 14. Lakini humo humo, ndani ya merikebu iliyoondoka kinyume cha ushauri wake, Paulo alipata neno kutoka kwa malaika: atasimama mbele ya Kaisari, na wote wanaosafiri naye watapona. Merikebu itapotea. Hakuambiwa watatua pwani gani. Alijua tu kwamba lazima waangukie kisiwa fulani. Kisha akafanya jambo ambalo mimi nalipenda kuliko yote katika sura hiyo: akawasihi watu, ambao hawakuwa wamekula, wapate chakula, akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele yao wote, akaanza kula.

Mama yetu alipata kiharusi wakati ambapo nilikuwa nimepata kazi niliyoiombea kwa muda mrefu, katika mji wa mbali. Barua nilikuwa nayo mkononi. Kwa hesabu ya milango, huo ulikuwa mlango, tena wa kusomeka kwa macho. Tulikusanyika ndugu wote, tukaomba. Hakuna aliyeota ndoto. Hakuna aliyesikia sauti. Tulichokuwa nacho ni amri ya kuwaheshimu baba na mama, tuliyofundishwa shule ya Jumapili, na yale maneno ya Paulo kwa Timotheo kwamba mjane akiwa na watoto, hao wajifunze kwanza kuwalipa wazazi wao. Mama alikuwa mjane. Tukagawana. Kaka yetu mkubwa aliendelea na kazi yake ili dawa zipatikane, mimi nikabaki nyumbani. Siamini kwamba mmoja wetu aliongozwa na mwingine hakuongozwa.

Upande wake wa kulia ulikuwa umepooza na maneno yalikuwa yamepotea. Usiku tulimgeuza kila baada ya saa mbili ili ngozi ya mgongoni isichubuke ikawa kidonda. Ule mkono wa kulia ulikuwa mzito kupita kiasi, ukiuachia unaanguka, kwa hiyo tulijifunza kuutangulizia mto kabla ya kumgeuza. Alitaka kusema "maji", linatoka neno jingine kabisa, mwenyewe anajua kwamba silo, na machozi yanamlengalenga. Mtaalamu mmoja wa mazoezi alituambia tuimbe naye. Akaeleza kwamba kiharusi kinapopiga upande wa kushoto wa ubongo, ambako kwa watu wengi ndiko yalikokaa maneno, mara nyingi nyimbo na mambo yaliyokaririwa tangu zamani hubaki. Usiku mmoja, nikiwa nimechoka, nilianza kwa sauti, "Bwana ndiye mchungaji wangu." Mama akapokea, "sitapungukiwa na kitu," akaendelea. Hakuweza kuomba maji, lakini alipita malisho, akapita maji ya utulivu, akafika bondeni. Hapo alikwama, akarudi nyuma kidogo, akaanza tena, akapita.

Hakupona. Naliandika hili bila kulizungusha kwa kuwa najua baadhi ya wanaosoma wanasubiri nifike kwenye muujiza. Aliishi katika hali hiyo muda mrefu, kisha Bwana akamchukua. Ile kazi alipewa mtu mwingine. Siwezi kukuonyesha jambo lolote lililotokea baadaye ambalo linathibitisha kwamba tuliongozwa vema. Nilichonacho ni kwamba kila asubuhi tulijua la kufanya siku ile, na nguvu za kulifanya zilikuwapo, hata zilipokuwa kidogo mno.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kuisoma barua ya Yeremia kwa macho mengine. Kila mtu anaijua Yeremia 29:11, mawazo ya amani wala si ya mabaya. Inaandikwa kwenye kadi za mahafali. Lakini ni mstari mmoja katika barua waliyoandikiwa watu waliohamishwa kwa nguvu hadi Babeli, na barua yenyewe inawaambia watakaa huko miaka 70. Wengi wa waliosikia ikisomwa wangefia uhamishoni. Sura moja kabla ya hapo, nabii Hanania alikuwa amesimama hekaluni akatangaza kwamba Bwana atavirudisha vyombo vya hekalu na mateka wote ndani ya miaka miwili. Akaivunja nira aliyokuwa ameivaa Yeremia shingoni kuwa ishara ya utawala wa Babeli. Nadhani watu walifurahi sana. Yeremia mwenyewe alisema, Amina, Bwana na afanye hivyo. Kisha akarudi na neno gumu, na Hanania akafa mwaka ule ule.

Bado tuna akina Hanania, na wengine wana mioyo mizuri. Wanaingia wodini na kutaja mwezi. Wanamwambia mwanamke anayesubiri mtoto kwamba mwaka huu haupiti. Mwaka ukipita, wao wako kwenye mkutano mwingine, na yule mwanamke ameachwa na vitu viwili vya kubeba, huzuni yake na mashaka kwamba imani yake ndiyo iliyopungua. Ninawasihi wenye huduma ya maombi: msitaje tarehe ambazo Mungu hakuwapa. Mtu akifa moyo kwa ahadi ya uongo, ni kazi ngumu sana kumrudisha kwenye ahadi ya kweli.

Uongozi ambao Mungu aliwapa wale mateka ni wa kushangaza kwa ukawaida wake. Jengeni nyumba, mkae ndani yake. Pandeni bustani, mle matunda yake. Oeni, mzae, muoze watoto wenu. Utakieni amani mji ule na kuuombea kwa Bwana. Hakuna siri ndani yake. Mtu anayesubiri sauti ya pekee wakati wa shida angeweza kuipita barua hii akidhani haijajibu kitu. Wakati mwingine nadhani tunalalamika kwamba Mungu amenyamaza kwa sababu alilolisema ni lile lile la jana: mlishe huyu, lipa deni lile, samehe, nenda ibadani, mpe mgonjwa dawa kwa wakati. Na dawa ni sehemu ya uongozi huo. Nabii Isaya alimpelekea mfalme Hezekia, aliyekuwa mgonjwa, neno la Bwana kwamba atapona, kisha akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu.

Kuna kisa cha karne iliyopita ambacho kimenisaidia. Juni 1939, mchungaji Mjerumani Dietrich Bonhoeffer alifika New York. Marafiki walikuwa wamemwandalia kazi huko ili awe salama, maana vita ilikuwa inanukia na yeye alikuwa mpinzani wa utawala wa Hitler. Hakutulia. Katika shajara yake aliandika kwamba sababu za uamuzi wake wa kurudi hazikuwa wazi kabisa hata kwake mwenyewe. Tarehe 26 Juni alisoma maneno ya Paulo kwa Timotheo, "Jitahidi kuja kabla ya wakati wa baridi," nayo yakamfuata siku nzima. Julai akapanda meli kurudi Ujerumani. Alikamatwa Aprili 1943, akanyongwa Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945, akiwa na umri wa miaka 39. Mwezi mmoja baadaye Ujerumani ikasalimu amri.

Je, aliongozwa? Mimi naamini ndiyo. Lakini tazama alivyoongozwa: mstari aliokutana nao katika usomaji wake wa kila siku, mzigo kwa ajili ya ndugu aliowaacha, na sababu ambazo yeye mwenyewe hakuweza kuzipanga zikakamilika. Na njia ile ilimpeleka gerezani. Mstari unaotangulia ule alioshikwa nao unasema hivi: "Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi." Paulo, ambaye leso zilizogusa mwili wake ziliwaponya watu Efeso, alimwacha mwenzake mgonjwa na safari ikaendelea. Hakuna maelezo. Hatuambiwi Trofimo alikosea nini. Ningependa kila mgonjwa wa muda mrefu kanisani alijue jina hilo.

Linabaki swali la yule ambaye kweli amekosea. Maana wapo. Israeli walizunguka jangwani miaka 40 kwa sababu walikataa kuingia, ilhali Kumbukumbu la Torati linasema kutoka mlima Horebu hadi Kadesh-barnea, mpakani mwa nchi ile, ni safari ya siku 11. Kuna shida tunazojitwisha wenyewe kwa kiburi, kwa tamaa, kwa kutosikia. Kwa mtu huyo nina aya moja. Nehemia 9 inapokumbuka miaka ile, inasema kwamba hata walipojifanyia ndama ya kusubu, Mungu kwa wingi wa rehema zake hakuwaacha jangwani, na nguzo ya wingu haikuondoka kwao mchana, wala nguzo ya moto usiku. Waliadhibiwa na wakaongozwa, katika miaka ile ile. Kwa hiyo hata ukikuta kwamba kweli ulipinda vibaya, huhitaji kurudi hadi kwenye kona ile ndipo Mungu aanze tena kukuongoza. Tubu, uanzie ulipo.

Na mtu asikuambie kwamba kulia ni kukosa imani. Mwandishi wa Zaburi ya 88 anamwita Bwana Mungu wa wokovu wake, anasema amelia mbele zake mchana na usiku, anauliza kwa nini amemficha uso wake, na zaburi inaishia gizani. Zaburi nyingine za maombolezo karibu zote hugeuka mahali fulani zikawa sifa. Hii haigeuki. Waliokusanya kitabu cha Zaburi hawakuongeza mstari wa kuitengeneza. Waliiacha iimbwe hekaluni jinsi ilivyo, pamoja na zile za shangwe. Ukifikia usiku ambao huwezi kusoma ya 23, soma hiyo, kwa sauti. Na kama kuna mtu unayeweza kumwamsha mkaisoma wawili, mwamshe.